Paa Lisilo na Kivuli

Mama yangu akipanda gari langu hujitanda kanga kichwani. Madirisha yanakuwa yamefungwa na kiyoyozi kinavuma, lakini kanga haitoki. Mara ya kwanza alipokaa kiti cha nyuma tulikuwa tunatoka Mbagala kwenda Mwenge, mwezi wa Februari, saa saba mchana. Alitazama juu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, hili gari lako halina paa?"

Nikamweleza kwamba paa lipo, ila ni la kioo, na kwamba ndiyo mtindo wa magari ya umeme siku hizi. Akatoa kanga mkobani, akajitanda, akasema, "Haya. Waliolitengeneza hawana mama?"

Nililicheka swali hilo kwa miezi minane. Kisha, Jumamosi moja katika wiki ya pili ya Oktoba, niliegesha gari nje ya soko saa nne asubuhi, nikalirudia saa saba mchana. Usukani haushikiki. Nikafungulia kiyoyozi hadi mwisho, kama afanyavyo kila mtu. Kabla sijatoka kwenye maegesho nikasikia mlio mmoja, pa! kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Nilipotazama juu, ufa wenye urefu wa mkono wangu ulikuwa umetoka kwenye ukingo wa kushoto wa paa na kupinda kuelekea katikati.

Walioniuzia gari walikuwa na jibu kabla hawajaliona. "Ni jiwe, kaka. Dhamana haihusiki na jiwe." Bima nayo, pamoja na kwamba ni bima kubwa, ilitaja kioo cha mbele na vioo vya madirisha. Paa halikutajwa. Nadhani aliyeuandika mkataba ule hakuwahi kuwaza kwamba siku moja paa lenyewe litakuwa kioo.

Nikaenda Gerezani, kwa mzee mmoja ambaye amebadilisha vioo vya magari tangu mimi niko shule ya msingi. Aliupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ufa wote, taratibu, kutoka mwisho hadi mwanzo. "Jiwe likipiga linaacha kovu," alisema. "Nioneshe kovu." Halikuwepo. Ufa ulianzia ukingoni kabisa, chini ya mpira, ukanyooka kidogo kama uliopimwa kwa rula, ndipo ukapinda. Alisema ufa wa namna hiyo anaujua kutoka kwenye madirisha ya maghorofa: ni wa joto.

Naandika haya nikiwa bado nalipenda gari langu. Sitaki kurudi kituo cha mafuta, na sina zawadi kwa wale wanaosubiri kila tatizo la gari la umeme ili waseme "si tulikwambia". Betri yangu ni nzima. Mota haijawahi kunisumbua. Ugomvi wangu ni na kile kipande cha kioo kilichowekwa mahali pa paa, na bei yake inayolipwa na sisi tunaokaa chini yake.

Kwanza, kioo chenyewe. Kioo kikipata joto hutanuka. Katikati ya paa hupigwa na jua lote, lakini ukingo uliofichwa chini ya mpira na gundi hubaki na joto la chini. Katikati panataka kutanuka, ukingo hauko tayari, kwa hiyo ukingo unavutwa. Na kioo, kwa tabia yake, huvumilia sana kubanwa ila hakivumilii kuvutwa. Kama ukingoni pana mkwaruzo mdogo wa kiwandani, au wa fundi aliyekibandika, ufa utaanzia hapo. Ongeza hewa baridi inayokipiga kwa ndani ghafla. Ongeza mashimo ya barabara zetu, yanayoisokota bodi ambayo kioo kimegundishwa nayo. Kioo cha kawaida kinaweza kupasuka tofauti ya joto kati ya sehemu zake ikifika takriban nyuzi 40. Kilichokazwa kwa moto huhimili zaidi ya 200, lakini nacho kina ugonjwa wake: chembe ndogo mno za nikeli salfaidi, zilizonaswa ndani kilipoyeyushwa, hubadilika polepole na kutanuka, mpaka siku moja kioo kizima kinalipuka kuwa punje bila kuguswa na mtu.

Watengeneza vioo wanalijua hilo kwa miongo mingi. Mwaka 2017 jarida la Marekani, Consumer Reports, lilichapisha uchunguzi kuhusu vioo vya paa za magari vinavyolipuka, likieleza kwamba malalamiko zaidi ya 800 yalikuwa yamefika kwa mamlaka ya usalama barabarani ya nchi ile. Hayo yalikuwa mengi ya magari ya petroli, yenye vioo vidogo kuliko hivi vya leo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba paa la kioo halipasuki ila kwa jiwe, ama hajui anachokiuza, ama anajua.

Mimi siwezi kuapa kwamba ufa wangu ni wa joto peke yake. Huenda kuna shimo la Barabara ya Mandela lenye mkono wake. Lakini wao nao hawana jiwe la kunionesha. Kwa nini basi shaka imwangukie mnunuzi, ambaye ndiye pekee katika mkataba ule asiyekichagua kile kioo wala kukibandika?

Pili, jua. Mnunuzi husomewa kwamba kioo kinazuia asilimia 99 ya mionzi ya urujuanimno. Huenda ni kweli, na ni jambo jema kwa ngozi. Lakini urujuanimno ni sehemu ndogo sana ya nguvu ya jua inayotufikia. Takriban nusu ya nguvu hiyo ni miali ya infraredi, ile usiyoiona ila unaisikia mwilini. Jua la utosini humwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Chukua paa la mita moja na nusu za mraba, na chukua kioo kizuri, kinachoruhusu sehemu moja tu kati ya tano iingie ndani. Hizo ni wati 300. Mwili wa mtu aliyetulia hutoa takriban wati 100. Maana yake umebeba abiria watatu usiowajua, hawana nauli, na wamekaa juu ya kichwa cha mama yako.

Tena kioo cheusi hupata joto chenyewe, kisha kinalirusha chini kama kikaango. Kipimajoto kwenye skrini kitakuandikia nyuzi 23, kwa sababu kinapima hewa. Utosi wa mama haupimi hewa. Ndiyo maana kanga.

Sasa fikiria jua hili linatoka wapi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba, jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu. Siku ambayo jua letu la adhuhuri liko chini kuliko siku zote, mwezi Juni, bado linasimama nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Berlin, katika siku ambayo jua lao liko juu kuliko siku zote za mwaka, hupata nyuzi 61. Yaani adhuhuri yetu ya upole kabisa ni sawa na adhuhuri yao kali kabisa. Kwao jua huingia zaidi kwa madirisha ya ubavuni, na Desemba dereva hushukuru akiliona. Kwetu jua huanguka juu ya paa. Uso wa gari unaohitaji ulinzi kuliko nyuso zote ndio uliovuliwa nguo.

Utaniambia mbona magari mengi ya namna hii yanatoka China, na Shenzhen nako kuna jua. Kweli, Shenzhen iko karibu kabisa na tropiki ya Kansa, na mwezi Juni jua huwasimamia utosini. Hapo ndipo hasira yangu inapopanda, kwa sababu maana yake wanajua. Yapo magari ya umeme yanayokuja na pazia la paa kutoka kiwandani. Tesla huuza kivuli cha paa la Model 3 kama kifaa cha kununua pembeni. Muuza nyumba anayekuuzia mwavuli wa sebuleni hawezi kusema hakujua kwamba nyumba inavuja.

Tatu, umeme wenyewe, ambao ndio sababu ya kununua gari hili. Gari linalotumia kilowati-saa 15 kwa kilomita 100, likitambaa kwenye foleni kwa kilomita 20 kwa saa, hutumia kilowati 3 kujisogeza. Kiyoyozi kikila kilowati moja na nusu, basi theluthi ya umeme unaotoka kwenye betri inaenda kupigana na joto. Sisemi lote limeletwa na kioo. Kioo cha mbele na bodi vina sehemu yao. Lakini ni kichekesho kununua betri ya mamilioni ya shilingi kisha kuitoboa paa.

Wanaolitetea paa la kioo wana hoja, na moja ni ya kweli. Betri hukaa chini ya sakafu, sakafu inapanda, na kioo chembamba kinarudishia kichwa sentimita chache. Sawa. Ila Nissan Leaf iliingia sokoni Desemba 2010 ikiwa na paa la chuma, ikauzwa hivyo kwa vizazi viwili, na watu warefu waliiendesha. Hoja ya pili ni kwamba chuma nacho huchemka. Huchemka, naam, lakini chini yake kuna sponji na kitambaa. Kila aliyewahi kulala kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, kisha akalala kwenye yenye dari, hahitaji mhandisi amweleze tofauti.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, na inatuhusu sisi. Paa la kioo ni zuri kwenye picha. Tunalipiga usiku, lina taa za Daraja la Tanzanite juu yake, tunalirusha mtandaoni. Mimi nililipiga. Tumekulia kwenye mji ambao babu zetu waliujengea makuti na baraza, na sasa kila mwenye fedha anajenga ghorofa la vioo pale Posta kisha analipia viyoyozi mpaka afe. Muuzaji anatuuzia tulichoonesha kwamba tunakitaka.

Basi tuanze kutaka kingine. Gari la umeme linaloletwa kuuzwa katika nchi zetu liwe na chaguo la paa la chuma, au pazia la paa ndani ya bei, si pembeni. Dhamana iseme kwa maandishi kwamba ufa ulioanzia ukingoni bila kovu la kupigwa ni wa muuzaji mpaka athibitishe vinginevyo. Na kampuni za bima ziandike neno "paa" kwenye orodha ya vioo. Ni herufi tatu tu.

Kioo changu kipya kiliagizwa nje, kikachukua wiki 11, kikanila mishahara mitatu. Siku kilipobandikwa nilikwenda moja kwa moja Magomeni kwa fundi wa viti vya magari, nikamwambia anishonee pazia la turubai lenye sponji. Alinitazama kama mtu aliyenunua dirisha ili alizibe.

Kwa wewe unayejipanga kununua, nina ombi moja. Usiende kulijaribu gari jioni, wakati upepo wa bahari umeanza. Nenda saa saba mchana. Mwambie muuzaji aliache juani saa nzima, kisha ukae nyuma, si mbele, kwa nusu saa ya foleni. Na ukiweza, nenda na mama yako.