Haidranjia Isinunuliwe kwa Rangi Tu

Kila theluji inapoyeyuka, maduka ya miche ya Minnesota hupanga mbele haidranjia zenye vichwa vikubwa vya buluu na vya waridi. Mnunuzi hupanda, hufurahia kiangazi kimoja, na mwaka unaofuata huambulia majani matupu. Lawama humwangukia yeye. Hastahili.

Tatizo ni aina aliyouziwa. Haidranjia ya majani mapana, yenye asili ya pwani ya Japani, huandaa vichomozo vya maua tangu mwisho wa kiangazi, na vichomozo hivyo hukaa juu ya matawi makavu msimu wote wa barafu. Kipasue kimoja mwezi Mei: ni kahawia hadi ndani, huku majani mabichi yakichipua chini shinani. Mizizi imepona, maua yamekufa.

Kwenye baridi ya namna hiyo, chaguo la kwanza liwe haidranjia panikulata. Huchanua kwenye matawi ya mwaka uleule na huhimili hata nyuzi 35 chini ya sifuri. Aina yake iitwayo Limelight, iliyozalishwa Uholanzi, hufungua maua ya kijani cha ndimu ambayo hugeuka waridi vuli ikikaribia. Penye kivuli kidogo, haidranjia nyingine, Annabelle, inafaa zaidi. Hii ilipatikana karibu na mji wa Anna, Illinois, na hata ikikatwa karibu na ardhi mwisho wa baridi, itachanua. Mvua kubwa huilaza, kweli, lakini kijiti cha kuiegemeza kinatosha.

Wauzaji nao waandike wazi kwenye kila chungu: mmea huu huchanua kwenye tawi la zamani au jipya.