Maji ya lambo yakigeuka kijani: je, bustani zinazoelea zitamsaidia mtoto wako?

Mama, tumezoea kuambiana kwamba maji yakishatokota ni salama. Kwa vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara ni kweli, na uendelee kuchemsha hivyo hivyo. Lakini lambo likigeuka kijani kizito kama rangi ya ukuta iliyomwagwa, hasa kiangazi maji yanapopungua, tatizo ni jingine. Utando ule mara nyingi ni sayanobakteria, vijidudu vinavyofanana na mwani, na baadhi yake hutoa sumu inayodhuru ini. Moto huua kijidudu, ila sumu hubaki sufuriani.

Naitreti nayo, ile inayotoka kwenye mbolea na vinyesi, haiondoki kwa kuchemsha. Maji hupungua kwa mvuke, yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi ukali. Mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo kwa maji yenye naitreti nyingi anaweza kupungukiwa oksijeni kwenye damu, midomo na kucha zikawa na rangi ya bluu.

Chakula cha ukijani huo kinatoka kwetu wenyewe. Mvua ya kwanza hukokota mbolea ya mashamba ya tumbaku, samadi ya ng'ombe waliokuja kunywa, na uchafu wa vyoo vilivyochimbwa karibu mno, vyote vikaishia bondeni. Ndiyo maana wataalamu wa maji sehemu nyingi duniani wanazungumzia bustani zinazoelea.

Ni jukwaa la mianzi au plastiki linaloelea juu ya maji, limepandwa mafunjo, matete au majani mengine ya majini. Mizizi haigusi udongo. Inaning'inia ndani ya maji kama nywele. Juu ya mizizi hiyo hujijenga utando wa bakteria wazuri wanaovunjavunja uchafu, na mmea wenyewe hunyonya naitrojeni na fosforasi, chakula kile kile ambacho mwani ungekula. Kivuli cha jukwaa hupunguza jua, samaki wadogo hujificha kwenye mizizi, na ndege hurudi kutaga. Maji yakipanda masika au yakishuka kiangazi, bustani hupanda na kushuka nayo. Kwa malambo yetu, ambayo hujaa na kukauka kila mwaka, hilo ni jambo kubwa.

Mafunjo yanayoelea si uvumbuzi mpya kwa Afrika Mashariki. Kampala, Uganda, kuna kinamasi cha Nakivubo, ambako kwa miaka mingi maji machafu ya mji yalichujwa na mafunjo, sehemu yake yakiwa mkeka unaoelea, kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Chanzo cha maji ya kunywa ya mji huo, Ggaba, kipo kwenye ghuba hiyo hiyo. Kinamasi kilipolimwa na kujengwa, uchujaji ukapungua, na kusafisha maji mtamboni kukawa kugumu na ghali zaidi. Gharama ya namna hiyo humfikia mtu wa mwisho kwenye bomba, na huyo mara nyingi ni mama mwenye ndoo.

Tabora tunajua thamani ya maji. Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilivuka Mgunda Mkali, nyika kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, ikitegemea visima na madimbwi ya njiani. Leo mjini Tabora, Nzega na Igunga yanafika maji ya Ziwa Victoria kwa bomba, yakivutwa Ihelele, wilayani Misungwi. Mradi huo ulijengwa kwa mkopo wa India. Mwanzoni mwa 2025, gugumaji jipya aina ya salvinia lilitatiza vivuko kati ya Kigongo na Busisi. Maji ya bomba husafishwa mtamboni kabla ya kutufikia, lakini ziwa lenye rutuba ya kupita kiasi humpa fundi wa mtambo kazi nzito. Na vijiji ambavyo bomba halijafika bado vinachota lamboni.

Usichanganye gugumaji na bustani. Gugu hujiotea, husambaa, hufa na kuozea majini. Bustani hufungwa kwa kamba na nanga, na majani yake hukatwa na kutolewa nje. Aprili 2020 kisiwa cha mimea kilichong'oka Ziwa Victoria kiliziba mitambo ya umeme Jinja, Uganda nzima ikaingia gizani. Kinachoelea bila kufungwa ni hatari.

Tusidanganyane pia: bustani haiui vimelea kiasi cha kufanya maji yanywewe hivi hivi. Hufanya kazi polepole, na haifui dafu kama ng'ombe wanaendelea kuingia majini. Konokono wa kichocho hupenda mimea, hivyo iwekwe mbali na mnapochota, na watoto wasiogelee hapo.

Kwa hiyo, lambo likiwa kijani na lina harufu, au ukiona samaki au mifugo imekufa kandoni, usitumie maji hayo kwa uji, maziwa ya mtoto wala kumwogesha. Tafuta maji ya bomba, kisima kirefu au ya mvua, kisha uyachemshe kama kawaida. Mtoto wa chini ya miezi sita mnyonyeshe tu, hahitaji maji. Akipata rangi ya bluu midomoni au akapumua kwa shida, mwahishe kituo cha afya.

Na wakija kijijini na mradi wa bustani hizi, uliza kwenye mkutano: nani atakata majani, kila baada ya muda gani, na yatapelekwa wapi? Yakiachwa yaozee majini, uchafu wote yaliounyonya unarudi lamboni. Uliza pia kama mnywesho wa ng'ombe utajengwa pembeni, nje ya lambo, na nani atalipia.