Ng'ombe wa Nyamgondho na Mkasi wa Mhakiki

Umezuka mtindo, katika uhakiki wa fasihi simulizi, wa kuilaumu mitambo. Hudaiwa kwamba masimulizi ya Homa Bay na Migori yanafifia kwa kuwa Kenya haina studio za filamu za katuni mithili ya zile za Japani, na kwamba fedha zikipatikana, Nyamgondho wa Gwassi naye atavuka bahari. Dai hili linafariji, lakini si la kweli. Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza kuanzia mwaka 2010. Kwame Nyong'o naye alitoa The Legend of Ngong Hills mwaka 2011. Wachoraji wapo. Wanaokwepa lawama ni wahakiki.

Historia ya Studio Ghibli yenyewe inaipinga hoja ya mitambo. Hayao Miyazaki, Isao Takahata na Toshio Suzuki waliianzisha mwaka 1985, baada ya kufaulu kwa filamu ya Nausicaä ya mwaka 1984. Filamu hiyo ilipofika Marekani ilikatwa takriban dakika 20, ikabadilishwa jina na kugeuzwa kisa chepesi cha vita. Tangu hapo studio ilishikilia kwamba kazi zake zisikatwe zinapouzwa ng'ambo; wasambazaji walipotaka kuipunguza Mononoke-hime ya mwaka 1997, walikataliwa. Sen to Chihiro no Kamikakushi ya mwaka 2001, iliyosheheni mizimu na desturi ambazo mtazamaji mgeni hafafanuliwi, ilitunukiwa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2002 na Oskar mwaka 2003. Studio hiyo ilijijengea jina kwa michoro ya mkono, na kwa imani kwamba jambo la mahali pamoja, likiachwa zima, hujitosheleza.

Sasa itazamwe hali ya Nyamgondho mwana wa Ombare. Mvuvi huyu fukara anamvua mwanamke ziwani; mwanamke anamletea ng'ombe wengi; mvuvi, akiisha kulewa, anamtukana; mwanamke anarudi majini na mifugo yote inamfuata. Nyamgondho anabaki ufukweni akiegemea fimbo hadi anageuka mti. Mhakiki huandika: dhamira ni ubaya wa ulevi na utovu wa shukrani. Kisha hufunga daftari. U wapi msafara wa ng'ombe wanaozama mmoja baada ya mwingine? Liko wapi ziwa, ambalo hutoa na kutwaa, na ambalo kwa wavuvi ni mhusika kamili? Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ambako kijiji kizima kilimezwa na maji kwa kumfukuza bikizee, nayo hufupishwa kuwa nasaha juu ya ukarimu.

Kuta za Thimlich Ohinga huko Migori, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, zilijengwa kwa mawe matupu, bila udongo wa kuyashikanisha; kila jiwe husimama kwa kubanwa na mengine. Sigana hujengwa vivyo hivyo. Anayechomoa jiwe moja na kuliita dhamira hana haki ya kudai kwamba ameuonyesha ukuta.

Huenda ikajibiwa kwamba mwanafunzi wa sekondari anahitaji muhtasari ili afaulu mtihani. Ni kweli, lakini haja ya mtihani si hoja ya uhakiki. Huenda pia ikajibiwa kwamba sigana ni za Kidholuo, na Kiswahili hakiwezi kubeba kila kitu. Hakiwezi, na kwa sababu hiyo hasa hakina ruhusa ya kubeba kidogo kuliko kinavyoweza.

Basi, wajibu wa idara za Kiswahili ni kuyanakili masimulizi haya yakiwa kamili, pamoja na wimbo, kiitikio, ukimya wa fanani na majibu ya hadhira, kabla dhamira haijatajwa. Mchoraji atakapokwenda maktabani kumtafuta Nyamgondho, hatahitaji funzo. Atahitaji ng'ombe: rangi zao, mpangilio wao, na jinsi maji yalivyowafunika. Akikuta sentensi moja tu juu ya pombe, lawama haitakuwa ya mitambo.