Kuzaa Si Kazi, Kazi ni Kulea

Kuna kauli nimechoka kuisikia vinywani mwa wanaume wenzangu: "Huyu si damu yangu." Husemwa juu ya mtoto wa kufikia, au yatima wa marehemu kaka. Tena msemaji si mjinga. Ni mcha Mungu, mwenye kabati la vitabu sebuleni, na akisoma riwaya ya baba mlezi machozi humlengalenga. Yatima wa kitabuni humlilia; wa nyumbani kwake humhesabia vipande vya nyama!

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Watunzi wakubwa nao wamesema hayo hayo. Mtazameni Silas Marner, mfumaji katika riwaya ya George Eliot iliyotoka Uingereza mwaka 1861. Ni bahili, hana mke wala mwana, na dhahabu aliyoiabudu imeibwa. Usiku mmoja anaona kitu cha rangi ya dhahabu sakafuni karibu na moto. Anapapasa akidhani mali imerudi, kumbe ni nywele za mtoto aliyelala. Hakumwomba, wala hajui kulea. Anamfunga kwa kitambaa kwenye mtambo wake wa kufumia asipotee. Mtoto ananyakua mkasi, anakikata, anatoroka. Anamfungia kwenye kijistoo cha makaa ili ashike adabu; mtoto anatoka mweusi tii, anaogeshwa, na punde anarudi humo mwenyewe kwa furaha! Katika mahangaiko hayo ndimo ubaba ulimomwingilia. Miaka 16 baadaye baba mzazi, tajiri wa kijiji, anakuja kudai damu yake. Binti anamkataa, anabaki na aliyemlea.

Wala msiniambie hayo ni ya Wazungu. Katika *Chozi la Heri* (2014), Assumpta Matei anatuonyesha Mwangemi akisitasita mkewe Neema anapotaka wapange mtoto. Mwisho wanampanga Mwaliko, naye anakuwa mwana wa nyumba.

   

Akina baba! Mnasema moyo haujaelekea. Yusufu wa Nazareti alikusudia kumwacha Mariamu kwa siri, kisha akatii, akamlea mtoto asiye damu yake. Mtume Muhammad alikuwa yatima, akalelewa na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali haba. Nani kati yao alingoja kwanza hesabu zikae sawa?

Najua hamna roho mbaya. Wengi wenu mlisomeshwa na mjomba, mkalishwa na shangazi, na hadi leo mnawataja kwa heshima. Basi lipeni deni hilo. Msingoje moyo ulainike ndipo mkono utoe. Mlipieni ada mtoto huyo, mkagueni madaftari, mpelekeni msikitini au kanisani pamoja na wenzake, na wageni wakiuliza ni nani, jibuni: "Mwanangu." Mapenzi yatafuata, kama yalivyomfuata Marner, na yakichelewa, mtoto atakuwa ameshashiba.