Maposeni Ipewe Jaribio la Joto la Ardhini

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, wananchi wa Maposeni, karibu na Peramiho katika Wilaya ya Songea, huingia katika majira ya baridi. Usiku joto hushuka hata kukaribia nyuzi 12, na katika nyumba nyingi kinga iliyopo ni blanketi na jiko la mkaa. Milango hufungwa, madirisha huzibwa, na jiko huachwa likiwaka chumbani walimolala wazee na watoto. Mkaa unaowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kumwua mtu usingizini. Hili si jambo la kuchukuliwa kwa wepesi.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba aweza kuuliza baridi ya Ruvuma yamhusu nini. Yamhusu sana. Yeye hutaabika kwa joto kama ndugu zake wa Maposeni wanavyotaabika kwa baridi, na dawa anayoikimbilia ni kiyoyozi. Kiyoyozi hula umeme, na umeme wetu hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Hatujasahau mwaka 2008, Unguja ilipokaa gizani kwa muda wa takriban mwezi mmoja, wala hatujasahau kiza kilichoanza Desemba 2009 kikaendelea hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 uliowekwa mwaka 2013 umetuongezea nguvu, lakini kila kiyoyozi kinachofungwa huzidi kuupa mzigo.

Kwa hiyo Maposeni na Visiwani tuna swali moja: je, yapo maarifa ya kuifanya nyumba ikalike bila ya kuchoma mkaa wala kumaliza umeme? Katika nchi nyingine jibu limetafutwa chini ya miguu. Mita chache chini ya ardhi, joto la udongo halibadiliki sana mwaka mzima. Hukaribia wastani wa joto la mahali penyewe. Mabomba ya plastiki hufukiwa katika mtaro au hushushwa katika kisima kirefu, maji huzungushwa ndani yake, na pampu ya joto, ambayo hufanya kazi kama friji, huhamisha joto hilo hadi nyumbani. Wakati wa joto, kazi hugeuzwa: joto la nyumba hupelekwa ardhini. Kipimo kimoja cha umeme chaweza kuleta vipimo vitatu au vinne vya joto. Nchini Sweden mamia ya maelfu ya nyumba hupashwa joto kwa njia hii. Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia kugharimia njia kuu ya umeme kutoka Makambako hadi Songea, iliyokamilika mwaka 2018 na kuuondoa mji huo katika utumwa wa majenereta ya dizeli.

Hapa yafaa tuwatahadharishe maofisa wasichanganye mambo mawili. Jotoardhi linalotafutwa huko Ngozi na Kiejo-Mbaka, mkoani Mbeya, na Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania iliyoundwa mwaka 2013, ni joto la volkano. Ni jamii ya lile ambalo wenzetu wa Kenya wamekuwa wakilifua umeme huko Olkaria tangu mwaka 1981. Joto tunalolizungumza sisi halihitaji volkano wala mvuke. Lipo chini ya kila kiwanja, lakini ni la kiasi, na faida yake hutegemea mahali.

Na hapo ndipo hesabu inapotakiwa. Wastani wa joto la Songea kwa mwaka ni nyuzi 21 hivi. Udongo wake basi huwa na vuguvugu kuliko usiku wa Julai, na huwa baridi kuliko mchana wa Novemba. Ardhi hiyo yaweza kukopwa joto katika majira moja na kurudishiwa katika majira mengine. Visiwani wastani hufikia nyuzi 26 au 27. Udongo wetu ni baridi kuliko jua la mchana wa Februari, ila tofauti ni ndogo. Tena kipupwe chetu hakina baridi ya kutosha kuturudishia iliyotumika; tukiimwagia ardhi joto mwaka hata mwaka, nayo itapata moto, na faida itapungua. Mfanyabiashara atakayewaambia wananchi wa Visiwani kwamba mtambo uliofaa Sweden utafaa vivyo hivyo Mji Mkongwe, aulizwe maswali.

Lakini hata Maposeni hatusemi kila mwananchi achimbiwe kisima. Gharama ya kuchimba na kununua pampu ni kubwa mno kwa mkulima wa mahindi. Tunachopendekeza ni jaribio moja katika jengo la umma, kama vile wodi ya wazazi au zahanati, ambako mtoto mchanga anahitaji joto kila usiku. Mtambo ufungiwe mita, upimwe miezi 12 kamili, na matokeo yatangazwe hadharani, yawe mazuri au mabaya. RUWASA, inayochimba visima vijijini, iagizwe kupima joto la ardhi katika kila kisima kipya na kuliandika. Vyuo vya VETA vifundishe mafundi wa pampu hizo, ili mtambo usije ukawa chuma kikuukuu siku mtaalamu mgeni atakapopanda ndege. Taasisi za viwango, ya Bara na ya Zanzibar, ziweke masharti kabla biashara haijatangulia.

Wakati huohuo yapo yasiyohitaji kusubiri. Mabwana na mabibi afya wa Songea wapite nyumba kwa nyumba kabla ya Juni kuwaeleza watu hatari ya kulala na jiko la mkaa. Ramani za nyumba za serikali zitake dari, kuta nene na madirisha yafungikayo vizuri huko nyanda za juu. Nasi Visiwani tukumbuke kwamba wazee wetu walijenga kuta nene za mawe na chokaa, wakaacha ua katikati na baraza mbele, nyumba zikapoa bila ya waya wowote. Leo twajenga vyumba vya matofali membamba ya saruji chini ya bati tupu, kisha twatafuta kiyoyozi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Elimu ya joto la ardhini ni njema, na wakubwa wenye dhamana ya nishati hawana budi kuipokea. Ila ianze kwa kipimo, ianzie panapostahili, na ianze na mtoto mchanga wa Maposeni kabla ya ofisi ya mkubwa yeyote.