Kamioni ya jeshi tusiitengeneze ikuwe Fuso



Tangu mvua ianze kuwa nguvu, katika kooperative yetu hapa Musienene maneno ni moja tu: tununue kamioni ya jeshi. Ni zile za zamani ambazo majeshi ya Ulaya yanauza wakati yanapata mpya, zenye mipira mikubwa na zinavuta mbele na nyuma. Viazi vinaozea kwa depo, Fuso ya kukodi inakataa kushuka njia ya desserte, na kila mtu anasema: ingekuwa ya jeshi, ingepita.

Mimi ninakubali tununue. Kile sikubali ni namna tunataka kuitengeneza ikishafika. Nilifanya kazi ya garaji Butembo miaka mingi kabla ya kurudi kwa shamba, na kamioni za namna hii niliziona zikiingia zikiwa nzima, halafu zinatoka zimeharibiwa na sisi wenyewe mafundi, kwa sababu mwenye mali ndiye aliomba hivyo.

Kitu cha kwanza mwenye mali anaomba ni karoseri ndefu. Anaona ile ya jeshi ni fupi, anasema nafasi inapotea. Basi tunachomelea vyuma nyuma, tunaongeza mita moja au mbili. Sasa mzigo unakaa nyuma ya magurudumu ya nyuma, unainua pua. Magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, hayashiki tena poto-poto, na kwenye mlima shofa anazungusha usukani lakini kamioni inaenda moja kwa moja. Ile nguvu ya kuvuta mbele ambayo ulilipia imekwisha hapo.

Tena kuna shasi. Kwa Unimog, kwa mfano, shasi imefanywa ijipinde kidogo wakati gurudumu moja liko juu ya jiwe na lingine liko ndani ya shimo, na karoseri inakaa juu yake kwa namna inayoiacha icheze. Sisi tunafunga mbao na vyuma kwa bulo kila mahali, tunakaza sana, tunafurahi kwamba haitikisiki. Baada ya miezi, shasi inapasuka. Fundi anachomelea, inapasuka pembeni ya pale alichomelea.

Kitu cha pili ni mipira. Nyingi za kamioni hizi zina mpira mmoja mmoja mkubwa nyuma, si miwili miwili kama Fuso. Watu wanadhani ni upungufu. Hapana, ni akili: gurudumu la nyuma linapita ndani ya alama ile ile ambayo la mbele limekwisha kufungua. Ukiweka miwili miwili, mpira wa pili unalima tope jipya peke yake, na mawe yanaingia katikati yanakata mipira yote miwili. Ninajua, mpira mkubwa ni ghali na hauonekani kila siku kwa soko la Butembo. Ndiyo maana bei yake iingie katika hesabu kabla ya kununua, pamoja na mmoja wa akiba.

Na mzigo sasa. Chukua mfano wa Mercedes 1017 ya jeshi la Ujerumani, ile inayovuta mbele na nyuma: ni kamioni ya kama tani 5. Kwa magunia ya kilo 100, ni magunia 50. Ninasikia tayari vicheko. Hapa kwetu gunia 50 ni aibu, tunapanga mpaka juu halafu watu wanapanda juu ya magunia. Lakini kamioni ya jeshi inapita kwa sababu haikujazwa kupita kiasi. Ukiipakia tani 10, inazama kama zingine, na ile njia ambayo sisi wenyewe tunatengeneza kwa salongo, na majembe yetu, inakatwa mashimo. Halafu nani anarudi kuyajaza? Wamama wenye mizigo mgongoni na vijana wa chukudu watapita wapi? Bariyeri ya mvua lazima iheshimiwe na kamioni yetu pia, hata kama shofa anajua anaweza kupita.

Juu ya kuchagua, niseme neno moja tu: tuangalie moteri kabla ya kuangalia urefu wa magurudumu. Hiyo 1017 ina moteri ya ukoo wa OM352, ambao mafundi wa Afrika wameuzoea tangu zamani katika Mercedes 911 na 1113. Moteri ambayo hakuna fundi wa Butembo amewahi kuifungua, tuiache, hata wakituuzia bei ya mbuzi. Umeme wa volti 24 usitutishe, Fuso pia zinatumia huo. Ila mtu asichomeke radio kwa batri moja tu kati ya mbili. Moja itakauka na nyingine itaharibika kwa kujaa kupita kiasi.

Jirani zetu wa Tanganyika waliona jambo hili kwa ukubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga kule Kongwa. Vita ilikuwa imeisha juzi, trekta mpya hazikupatikana, basi wakanunua zile ambazo jeshi la Marekani liliacha Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa trekta zilizoitwa Shervick. Nyingi zilifika zimechoka, vipuri vikakosa, mafundi walikuwa wachache, na udongo mgumu wa pale ukamaliza zilizobaki. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimeingia humo. Walikuwa na serikali nyuma yao. Sisi tuko na michango ya memba.

Sasa rangi, na hapa sicheki. Kamioni ya kijani, yenye sura ya jeshi, kwa njia zetu za leo, kati ya Beni na Butembo ao kushuka Manguredjipa, inaweza kuua watu. Mwenye bunduki aliye porini hatauliza kama ndani kuna viazi. Na askari wa bariyeri naye atataka kujua uliipata wapi. Ipakwe rangi nyeupe ao ya manjano mbele ivuke Kasindi, jina la kooperative liandikwe kubwa milangoni, na karatasi za kuonyesha kwamba jeshi liliiuza zikae ndani ya kamioni, kopi ibaki kwa biro.

Kwa mkutano mkuu nitainua mkono kukubali, lakini nitaomba tuandike kwanza: karoseri haiongezwi, mipira haibadilishwi, tani 5 hazipitwi, na shofa atakayepakia zaidi anatoa funguo. Nitaomba pia tutume fundi wetu mmoja aende kuilala chini na kuiangalia kabla dola moja haijatoka. Kama mkutano unakataa hayo, basi tukodi Fuso, na hizo pesa tununue mawe ya kujaza ule mteremko ambapo zote zinakwama.