Bili ya joto isihukumiwe kwa dola peke yake

Portland, katika jimbo la Maine, Marekani, ni makazi ya Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wengi waliotoka nchi zisizojua theluji. Baridi ya kwanza huwapa somo chungu. Mafuta ya kupasha nyumba joto huletwa na lori na kujazwa kwenye tangi lililo chini ya nyumba, mara nyingi la galoni 275. Bili ya Januari ikipita ya Desemba, ugomvi huanza: kampuni inaiba, au watoto wanaacha milango wazi.

Huenda hakuna mwenye kosa. Kabla ya kutafuta mchawi, familia ingepaswa kuuliza Januari yenyewe ilikuwa baridi kiasi gani, na jibu lake lina kipimo: digrii-siku za joto.

Hesabu ni ya shule ya msingi. Marekani huanzia nyuzi 65 za Fahrenheit, kama nyuzi 18 za Selsiasi, kwa dhana kwamba nje kukifikia hapo, nyumba haihitaji kuwashiwa joto. Kisha huchukuliwa wastani wa siku. Mchana ukifika nyuzi 30 na usiku ukashuka hadi 10, wastani ni 20. Toa kwenye 65, zinabaki digrii-siku 45. Siku yenye wastani wa 65 au zaidi huhesabiwa sifuri. Mwisho wa mwezi, siku zote hujumlishwa. Kwa mwaka Portland hupata takriban 7,000, Miami haifiki hata 300, na Dar es Salaam ingeambulia sifuri.

Tuseme Desemba ilikuwa na digrii-siku 1,050 na nyumba ikatumia galoni 175. Kila galoni ilihimili digrii-siku 6. Januari ikija na 1,260 na galoni 210, jibu ni lile lile 6: mafuta yameongezeka kwa asilimia 20, lakini nyumba haina tatizo. Zikitumika galoni 252, kila galoni imehimili 5 tu. Hapo ndipo pa kumwita fundi akague mtambo, au kumwambia mwenye nyumba azibe madirisha yanayovuja.

Wauzaji wa mafuta wameijua siri hii kwa miaka mingi. Ndivyo wanavyokadiria tangi la mteja litakauka lini bila kulichungulia. Tangu 1999 soko la bidhaa la Chicago limekuwa likiuza hata mikataba inayotegemea digrii-siku. Kama wafanyabiashara wanaamini kipimo hiki kiasi cha kuwekeza fedha, mpangaji hana sababu ya kubaki gizani.

Kipimo kina mapungufu. Hakihesabu upepo wala jua, na mafuta ya kuchemsha maji ya kuoga huvuruga hesabu kidogo. Nyumba iliyozibwa vizuri nayo huanza kuhitaji kuwashiwa joto nje kukiwa chini zaidi ya nyuzi 65. Uingereza, kwa mfano, huanzia nyuzi 15.5 za Selsiasi. Hata hivyo, kwa kulinganisha nyumba ileile mwezi kwa mwezi, kinatosha.

Mashirika yanayowapokea wageni yafundishe hesabu hii kabla ya theluji kuanguka. Nawe mwenye ndugu huko, mwambie atunze risiti zinazoonyesha galoni na tarehe. Digrii-siku za mji wake hutolewa bure na Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani.